Mto Mirongo ni Deni la Serikali

Twaandika leo juu ya jambo ambalo watu wenye adabu hawalitaji mezani, nalo ni kinyesi cha binadamu. Msomaji aliye na kikombe cha chai mkononi atuwie radhi. Lakini jambo hilo tusilolitaja mezani ndilo linaloingia katika ndoo ya maji, na kutoka katika ndoo likaingia katika birika la chai ile ile. Basi heri litajwe waziwazi, tena litajwe na gazeti la Chama, kabla halijatajwa na wengine kwa nia nyingine.

Alfajiri katika mwalo wa Kibara, mitumbwi ya dagaa inaporudi na taa zake zimezimwa, akina mama hushuka majini na ndoo zao. Huyu amekuja kununua dagaa wa kuanika, yule amekuja kufua, wa tatu amekuja kuteka maji ya kunywa, na kazi zote tatu hufanyika katika hatua chache za mchanga mmoja. Wala akina mama hawa si wajinga. Wajua sana kwamba maji ya kunywa yapaswa kuchemshwa. Wajua pia bei ya mkaa. Mbele yao imetandazwa Ghuba ya Speke, na ng'ambo ya ghuba, kusini na magharibi, liko Jiji la Mwanza, ambako dagaa wao huuzwa na vijana wao huenda kutafuta kazi. Katikati ya jiji hilo hupita mto mmoja mdogo uitwao Mirongo.

Mirongo si mto wa kuandikwa katika vitabu vya jiografia. Mgeni apitaye juu ya daraja lake hudhani ni mtaro, na wengi wetu tumeufanya kuwa mtaro kwa kuuita hivyo. Hutoka katika vilima, hupita Mabatini, hukata mji katikati na kumwagika ziwani. Wakati wa kiangazi ni uzi mweusi unaojivuta baina ya takataka. Wakati wa masika huvimba, hufurika na kuingia katika nyumba za watu wa Mabatini bila kubisha hodi. Ndani yake yamo maji ya kufulia, yamo mafuta ya gereji, zimo taka za masoko, na kimo kile tulichokitaja mwanzo. Mvua inapoanza kunguruma usiku, wako watu milimani waamkao kuzibua mashimo ya vyoo vyao ili mafuriko yachukue. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wana neno la jambo hili, husema "kutapisha choo", na neno hilo halihitaji maelezo.

Hatudai kwamba kila uchafu uingiao ziwani pale Mwanza huogelea mpaka Kibara. Ziwa Victoria ni pana, lapata kilomita za mraba 68,800, nalo lina nguvu yake ya kujisafisha. Lakini nguvu hiyo ina mpaka. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili huja kama mvua na kuondoka kama mvuke. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, nao uko Jinja, nchini Uganda. Maji yapandapo angani kwa mvuke hayachukui uchafu, huuacha nyuma. Tuliona matokeo ya rutuba hii mbaya tangu miaka ya 1990, magugu maji yalipoziba ghuba na mialo hata mitumbwi ikashindwa kutoka. Na ugonjwa hauna haja ya kungoja mkondo wa maji. Kipindupindu hupanda basi, huketi katika kiti kama abiria mwingine, na kushuka kituo kitakacho. Mwanzoni mwa 2024 kiliwapata watu wa Mwanza, Simiyu na Shinyanga, na Simiyu imepakana na Bunda.

Sasa twaulize: kosa ni la nani? Jibu tulilolizoea katika mikutano ya hadhara ni kwamba kosa ni la wananchi. Wananchi ni wachafu, hawajaelimika, watozwe faini. Tumeisikia hotuba hii mara nyingi, tena nyingine zimetolewa na viongozi wetu wenyewe, na twaona yafaa tuijibu kwa heshima lakini bila kuuma maneno.

Mwaka 1973 Serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Wale wenye umri watakumbuka, na sisi tuliozaliwa baadaye tumesimuliwa na wazazi wetu. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza somo, wakajadiliana, kisha wakashika majembe na kuchimba vyoo. Hawakulipwa. Waliambiwa kwamba choo ni kazi ya mwenye nyumba, wakakubali, wakachimba. Miaka ya karibuni ilikuja kampeni nyingine, Nyumba ni Choo, na mara hii pia wananchi waliitika. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba Mtanzania hukataa usafi aelezwapo. Sehemu yake ya mapatano ameitimiza kwa mikono yake, kwa kadiri ardhi ilivyomruhusu.

Na ardhi ya Mwanza haimruhusu. Aliyewahi kupanda Igogo au Mabatini ajua kwamba nyumba zimekaa juu ya majabali kama ndege walivyokaa. Mwenye nyumba akichimba futi mbili tatu, jembe lalia juu ya jiwe. Shimo lake basi ni la juujuu, hujaa upesi, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda vijia vile. Na ni nani wakaao huko? Ni wapagazi wa bandarini, wafanyakazi wa viwanda vya samaki, walinzi, wapishi, wauza mitumba, yaani wale wale washukao asubuhi kuliendesha jiji na kupanda jioni wamechoka. Mtu wa namna hii, aliyejengewa choo na mwamba wenyewe, afanye nini na kinyesi chake? Akibebe mfukoni aende nacho kazini?

Hatumtetei azibuaye choo usiku wa mvua. Amtendea uovu jirani yake wa bondeni, na akikamatwa na aadhibiwe. Twasema tu kwamba kumwadhibu hakutausafisha mto, maana kesho shimo litajaa tena na mwamba utakuwa pale pale.

Choo ni cha mtu. Bomba la majitaka ni la dola. Mtu mmoja hawezi kupitisha bomba chini ya nyumba za majirani arobaini. Hawezi kutwaa ardhi ya kuchimba mabwawa ya kusafishia majitaka, wala kukopa fedha za miaka ishirini, wala kukilazimisha kiwanda kifungue lango lake apime kitokacho ndani. Mwenye kuweza mambo hayo ni Serikali peke yake, na uwezo huo tuliukabidhi kwake sisi wenyewe, kwa kura. Ndiyo sababu twasema Mto Mirongo ni deni, na mdaiwa twamjua.

Taabu ni kwamba mdaiwa huyu ana majina mengi. Iko Wizara ya Maji. Iko mamlaka ya majisafi na usafi wa mazingira. Ziko halmashauri mbili, ya Jiji na ya Manispaa ya Ilemela, zenye wajibu wa takataka na mitaro ya mvua. Iko Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na viko vyombo vya kusimamia mazingira. Mwananchi akilalamika kwa mmoja huelekezwa kwa wa pili, wa pili humpeleka kwa wa tatu, na wa tatu ameenda semina. Kila mmoja ana bakuli lake la maji pale ukumbini, na kila mmoja hunawa mikono kama Pilato. Na hayo maji ya kunawia nayo huishia Mirongo.

Tuitazame sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 yampa kila mtu aliye nchini haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na yampa ruhusa ya kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Sheria hiyo hiyo yakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na ziwa. Ni sheria njema. Lakini twaomba itazamwe jinsi inavyoangukia watu. Mwezi wa Desemba 2015 nyumba za watu katika bonde la Mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam, zilipigwa alama ya X na kubomolewa. Wakati huo huo machinjio ya zamani ya Vingunguti, mali ya umma, yalikuwa yamekwisha kumwaga damu na kinyesi cha ng'ombe katika mto ule ule kwa miaka mingi, na machinjio mapya hayakuanza kujengwa mpaka 2019. Hayakupigwa X. Mchafuzi aliye mnyonge alipata tingatinga, mchafuzi aliye ofisi alipata mradi. Hatusemi mradi ulikuwa mbaya, la. Ulikuwa mwema na ulichelewa. Twasema mizani ile haikuwa sawa, na watu waliiona.

Tena si jambo geni katika nchi hii kwamba Serikali iambiwe ukweli huu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliipeleka Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam mahakamani kwa sababu ya jaa la taka lililokuwa likiwavutisha moshi na uvundo. Walishinda. Halmashauri ikaomba muda, ikapewa; ikaomba tena, ikapewa; hata mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa kuongeza hata siku moja, kwa hoja kwamba chombo cha umma hakina ruhusa ya kuwadhuru watu eti kwa kuwa hakijapata mahali pengine. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakashtaki, nao wakashinda. Zikahamia Vingunguti, ukingoni mwa Msimbazi. Hapo tutaona udhaifu wa hukumu za mahakama: jaji aweza kuiambia Serikali iache kumdhuru huyu, lakini hawezi kuitungia mpango wa kutomdhuru yule. Mpango hutoka katika bajeti, na bajeti hutoka katika vikao ambavyo wengi wa wajumbe wake ni wanachama wa Chama chetu. Twaomba neno hilo likumbukwe, maana tutalirudia.

Yatupasa pia tunene juu ya msiba wetu wenyewe wa Mara. Mwezi wa Machi 2022 maji ya Mto Mara, katika sehemu zake za chini kuelekea Daraja la Kirumi, yaligeuka rangi, yakanuka, na samaki wakaelea wamekufa. Walimu wetu wa misheni walipotufundisha kitabu cha Kutoka, habari za mto ulionuka na samaki waliokufa zilikuwa habari za Misri. Hatukudhani tutaziona Kirumi. Wananchi walikatazwa kwa muda kuyatumia maji na samaki wa mto. Iliundwa kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, nayo ikasema kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vitu vilivyoila hewa iliyomo majini hata samaki wakakosa pumzi. Watu wengi hawakuridhika. Wazee waliuliza: ng'ombe hawa hawakuwapo zamani?

Sisi hatuna sababu ya kuikejeli elimu ya wataalamu. Mwaka 2018 watafiti waliofanya kazi katika Mto Mara upande wa Kenya walikwisha kuchapisha ushahidi kwamba kinyesi cha viboko kikisukumwa na mafuriko huweza kuua samaki kwa wingi kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo jambo lenyewe lawezekana. Kilichowafanya watu wasiamini hakikuwa elimu ya kamati. Walikuwa hawajapata kuonyeshwa vipimo vya maji ya mto wao miaka yote iliyotangulia, ila siku ya msiba tu. Mtu asiyeonyeshwa daftari la duka kwa miaka kumi, siku akiambiwa duka limefilisika atadhani ameibiwa.

Lakini hebu tuyashike maneno ya kamati tuyaendeleze mbele kidogo. Ikiwa kinyesi cha ng'ombe chaweza kuunyima pumzi Mto Mara, mto mkubwa utokao misitu ya Mau na kupita Serengeti, je, kinyesi cha binadamu chaufanyia nini Mirongo, ambao mtoto aweza kuuruka wakati wa kiangazi? Katika hesabu ya watu ya 2022, Nyamagana na Ilemela pamoja zilikuwa na watu zaidi ya milioni moja. Serikali iliyotufundisha Kirumi kwamba kinyesi huua mto haiwezi kufika Mwanza ikasahau somo lake yenyewe. Na kinyesi cha binadamu kina jambo ambalo cha ng'ombe hakina, maana hubeba kipindupindu na homa ya matumbo.

Watasema wengine, fedha ziko wapi? Swali hili ni la haki, wala si la adui. Bomba la majitaka ni ghali, na nchi yetu haijatajirika. Lakini tuwatazame waliotutangulia. Mwaka 1858, wakati wa kiangazi, Mto Thames ulinuka hata wabunge wa Uingereza wakashindwa kukaa katika jengo lao lililo ukingoni. Kabla ya hapo kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu ya maskini wa London, na Bunge halikuharakisha. Uvundo ulipofika katika pua za wakubwa, sheria ilipitishwa katika majuma machache, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa fedha za kujenga mabomba makuu ambayo mengine yatumika mpaka leo. Hakuna aliyesema kwamba kila mkazi wa London achimbe kipande chake cha bomba. Twawaomba viongozi wetu wasingoje mpaka Mirongo unuke katika vyumba vya mikutano vyenye viyoyozi.

Na kama London ni mbali, Kampala ni jirani. Huko mfereji wa Nakivubo ulikuwa ukipeleka uchafu wa mji katika ghuba ile ile ambayo mji huchota maji yake ya kunywa, pale Ggaba. Serikali ya Uganda kwa shirika lake la maji ilijenga mtambo mkubwa wa kusafisha majitaka pale Bugolobi, kwa mikopo na misaada, wenye uwezo wa lita milioni 45 kwa siku. Mfereji haukuwa mto wa peponi kwa siku moja. Lakini kazi ilianzwa na mwenye kazi.

Wala hatuna haja ya kuvuka mpaka ili kuona kwamba yawezekana. Katika Mwanza hiyo hiyo, kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, baadhi ya mitaa ya milimani, Igogo na Mabatini ikiwamo, ilitandaziwa mabomba membamba yapitayo juu na baina ya majabali, yakikusanya majitaka ya nyumba hadi nyumba na kuyateremsha katika bomba kuu. Ufundi ni rahisi. Bomba jembamba huenda mahali ambapo gari halifiki, na mteremko wenyewe ndio pampu. Watu waliounganishwa hawana tena haja ya kungojea mvua. Jambo hili latufurahisha, na latuudhi pia. Latuudhi kwa sababu lathibitisha kwamba mwamba haukuwa kizuizi. Kizuizi kilikuwa kwamba hapakuwa na mtu aliyelitaka bomba kwa moyo kama watu watakavyo barabara.

Hapa ndipo twawageukia wanachama wenzetu, hasa madiwani. Tumehudhuria vikao, twajua mambo yaendavyo. Diwani huomba barabara, kituo cha mabasi, soko. Vitu hivi huonekana, huwekwa jiwe la msingi, na mgeni rasmi hukata utepe huku ngoma zikilia. Bomba la majitaka hufukiwa siku lilipokamilika. Hakuna apigwaye picha kando ya chemba. Hivyo kila mwaka fungu la majitaka huwa la mwisho kuandikwa na la kwanza kukatwa, na mikono iliyoinuliwa kulikata ni ya wana-Chama. Chama kilichozaliwa na wakulima na wafanyakazi hakiwezi kuwa na macho ya mpiga picha. Kazi ya Chama ni kuisimamia Serikali yake, si kuisindikiza.

Na tunapotaja wafanyakazi, kuna mmoja ambaye aghalabu hatajwi hata siku ya Mei Mosi. Ni yule azibuaye chemba. Mara nyingi ni kibarua wa kutwa. Hushuka shimoni hali amevaa kaptula na ndala, hana glavu, hana kifaa cha kupima hewa. Juu amesimama mwenzake ameshika kamba. Gesi iliyomo humo yaweza kumwangusha mtu kwa pumzi moja mbili, na mwenzake akishuka kumwokoa huanguka juu yake. Anapopanda salama, watu barabarani huziba pua na kumpisha, kama kwamba uchafu ule ni wake na si wetu. Vyama vya wafanyakazi vimeshughulikia mishahara ya walimu na wauguzi, na vema. Twauliza, nani amejadili jambo la mtu huyu? Mwajiri wake, akiwa mamlaka au mkandarasi aliyepewa kazi na mamlaka, ana wajibu wa kumpa mavazi ya kazi, kipima hewa, chanjo na mkataba. Mji usioweza kumlinda azibuaye chemba zake hauwezi kusema kwamba una mfumo wa majitaka.

Watu wa Mara watasema: hayo ni ya Mwanza, sisi yatuhusu nini? Yawahusu sana. Musoma yakua. Bunda yakua, tena upesi. Hata Kibara, iliyokuwa misheni, hospitali na maduka machache, sasa lami imefika na nyumba za kupanga zaongezeka nyuma ya soko. Katika miji hii nyumba nyingi zategemea shimo la choo au karo lililochimbwa na mwenye nyumba, na kisima cha jirani kiko hatua chache kutoka hapo. Leo viwanja vya kupitishia bomba bado viko wazi. Ardhi ya mabwawa ya kusafishia majitaka bado yapatikana kwa fidia ndogo. Baada ya miaka kumi na mitano kila mahali patakuwa na nyumba, na kila bomba litahitaji tingatinga na kesi. Mwanza haikupanga kuuchafua Mirongo. Ilikua tu, na Serikali ya siku zile haikutangulia mbele yake. Hilo ndilo tungependa madiwani wa Musoma na Bunda walione, na wakitaka nauli ya kwenda kusimama juu ya daraja la Mirongo wakati wa masika, twadhani haitakosekana.

Basi twadai haya. Serikali iseme waziwazi, kwa barua yenye sahihi, ni chombo gani kimoja kinachoubeba Mto Mirongo, ili mwananchi ajue mlango wa kubisha. Vipimo vya maji ya Mirongo na ya Mto Mara vitangazwe kila mwezi, vibandikwe katika ofisi za kata na kusomwa redioni, vikiwa vizuri au vikiwa vibaya. Mabomba ya milimani yafikishwe katika mitaa iliyobaki, na gharama ya kuunganisha isiwekwe juu ya mpangaji wa chumba kimoja. Chemba ya umma ikifurika barabarani kwa juma zima, mkuu wa chombo hicho atozwe faini ile ile anayotozwa mama lishe amwagaye maji ya vyombo. Na Musoma na Bunda zitengewe sasa ardhi ya majitaka, kabla viwanja havijagawiwa.

Bajeti za halmashauri husomwa kila mwaka, na vitabu vyake si siri. Tutavifungua. Tutatafuta fungu la majitaka, tutalichapa katika ukurasa huu pamoja na fungu la mwaka uliotangulia, na chini yake tutaandika jina la kila halmashauri.